Kunde za Nthenya

Wanafunzi wa shahada ya kuzalisha mbegu walisomea nyumbani, kwenye skrini, na mtihani wao ulikuwa mmoja tu: mmea aliouzalisha mtu uliwe kwanza na mzazi wake. Mzazi akiridhika, kaunti nzima ingeupanda.

Nthenya alichagua kunde. Kwa wiki sita alikaa mezani kwao Kitui akichavusha maua kwa kidole kwenye skrini, na kila siku vizazi arobaini vya kunde vilipita mbele ya macho yake kabla chai haijapoa. Kisha chuo kikamletea mbegu zenyewe ndani ya bahasha. Akazipanda nyuma ya jiko, kwenye udongo ambao haukuwa umeonja mvua kwa miezi minne. Siku ya ishirini zilizaa.

Mama yake, Syombua, alizipika kwa chumvi tu. Alionja kijiko kimoja, kisha akala sahani nzima.

"Mwanangu, haya umefundishwa na nani?"

"Na masomo ya kwenye skrini, mama. Mwalimu sijawahi kumwona."

"Na kunde zetu za zamani?"

"Ukikubali, hakuna atakayeruhusiwa kuzipanda tena."

Syombua alitoka nje. Mimea ilisimama ya kijani kibichi katikati ya vumbi, na maua mapya yalikuwa yakifunguka akiyatazama. Alilishika jani moja taratibu, kama anayemshika mtoto mchanga wa mtu mwingine. Akarudi ndani, akabonyeza dole gumba kwenye skrini.

Kabla hajaliondoa, simu za majirani zilianza kulia, nyumba baada ya nyumba, zikiwaamuru watayarishe mashamba.