Panya Aliyekataa Kukonda

Korona ilipowaelemea wanadamu, waliwaambukiza wanyama wa maabara ili watafute dawa. Kila asubuhi waliwapima uzito. Aliyekonda alichukuliwa, wala hakurudi. Basi Panya akaapa kutokonda. Homa ilimchoma, chakula hakikuwa na ladha, lakini alikula mpaka punje ya mwisho.

"Kula, mjukuu wangu," alisema Bibi Tumbili wa kizimba cha pili, akageukia ukutani.

Siku ya saba daktari alimweka Panya kwenye mizani, akashangilia. "Huyu amepona! Mpasueni tuone mapafu yake yameushindaje ugonjwa."

Panya alipiga yowe. "Bibi, kumbe ningekonda ningesalimika?"

"Hapana, mjukuu wangu. Aliyekonda hupasuliwa waone mapafu yake yameshindwaje. Nilikuacha ule kwa kuwa sikuwa na jingine la kukupa."