Mwamkie Mkubwa

Mara ya sita Aikande aliwasha kompyuta, na mara ya sita skrini ikabaki nyeusi. Asubuhi aliiacha ikisasisha mfumo wake wa Linux, akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi haikuamka tena. Ndani yake mlikuwa na maneno elfu mbili ya Kimeru, yote kwa sauti ya mama mkwe wake, na nakala nyingine hakuwa nayo popote.

Mara ya saba akashikilia kitufe cha Shift, kama fundi alivyomwelekeza kwa simu. Ikatokea orodha fupi.

"Hao ni kina nani?" mama mkwe akauliza, akifuma sweta.

"Ni mifumo ya kuwashia, mama. Mpya wa leo uko juu, ndio uliogoma. Wa zamani uko chini yake."

"Yaani mgeni kaingia leo, unamtanguliza mbele ya mwenye nyumba?" Mama mkwe akasonya. "Mwamkie mkubwa kwanza!"

Aikande akacheka bila kutaka. Kitufe cha mshale wa chini kilikuwa kimeng'oka tangu Pasaka, pakabaki kipira tu. Mama mkwe akachomoa sindano yake, sweta lifumuke likitaka, akampa. Aikande akakibonyeza kwa ncha, taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Alama ikashuka mstari mmoja.

"Shikamoo," akanong'ona, akagonga Enter.

Mistari myeupe ikakimbia, ikasita. Kisha picha ya Mlima Meru ikajaa skrini nzima.

"Marahaba," akajibu mama mkwe, akinyoosha mkono kudai sindano yake.