Sentimita Sita

Fundi cherehani ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiusifia mradi wa maduka makubwa, na mtaa mzima ukamwamini. Sasa, ukumbini, kabla ya kura ya kuupitisha, alivua tepu yake shingoni akapima mfano wa mradi uliowekwa mezani. Kibao kilisema sentimita moja ni mita kumi. Kutoka tangi la maji la mtaa, ambalo kwenye mfano lilibaki mahali pake, hadi nyumbani kwake ni mita sitini.

Kutoka kwenye tangi hilo, sentimita sita za tepu ziliishia katikati ya maegesho, juu ya kigari chekundu kisichozidi harage.

Alipima tena. Ni palepale.

"Wanaokubali, mikono juu!" mwenyekiti alisema.

Aligeuka. Ukumbi mzima ulikuwa umenyoosha mikono, mama mkwe wake mbele kabisa.

"Tunakufuata wewe, mwanangu," alisema, akitabasamu.