Uso wa Malerba Ukutani

Askari aliyepaswa kumkamata Brandano Malerba ndiye aliyemfungia kamba. Aliikaza vizuri, akaujaribu ubao kwa mguu, akamwambia awe mwangalifu maana ukuta wa jumba la baraza ni mrefu. Brandano, aliyevaa nguo za fundi chokaa, alimshukuru kwa unyenyekevu ambao hakuna mwajiri wake aliyewahi kuuonja.

Kazi aliyoijia ilikuwa kumfuta mtu ukutani, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Alichorwa akining'inia kichwa chini, kamba kwenye mguu wa kushoto, mguu wa kulia umejikunja, ulimi nje. Juu ya nyayo zake liliandikwa jina lake lote, kwa herufi nyekundu. Ndivyo watu wa mji wa Castelforno walivyowafanyia makapteni waliowasaliti. Wakishindwa kumpata mtu mwenyewe, walimtundika kwa rangi, na siku akikanyaga ndani ya mji walimtundika kweli, vilevile kama alivyochorwa, mpaka afe.

Usaliti, kwa maoni ya Brandano, lilikuwa neno kubwa mno. Alikuwa mamluki, na mamluki naye ana riziki yake ya kutafuta. Castelforno walimwajiri alinde daraja, adui akaja na ahadi nono zaidi, naye akasogea kando kwa adabu zote kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Mbona alishapigana vita vya maana ambamo panga ziligongana kutwa nzima na aliyekufa ni nyumbu mmoja tu, tena kwa joto. Hakuona sababu ya mji mzima kununa miaka sita.

Angewaacha wanune. Lakini sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yamemkataa, na harufu ya farasi ilikuwa ikimtia kichefuchefu. Ng'ambo ya milima miwili alikuwepo mjane mmoja, Ginevra, mwenye kinu cha kusaga ngano na kitanda kisichovuja mvua. Brandano alimpenda huyo mwanamke, na hilo lilimshangaza kuliko mtu mwingine yeyote. Alimwambia kwamba alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Kazi alimdanganya, jina hakumdanganya; hata mwongo huchoka.

Ginevra alikuwa na sharti moja. "Mume wa kwanza alikuwa mlevi, wa pili mcheza kamari," alimwambia. "Wa tatu nataka mtu ambaye nikilitaja jina lake sokoni, watu hawageuki."

Na Jumamosi alikuwa anakuja sokoni Castelforno, kununua mashuka ya harusi. Kusoma Ginevra alijua vizuri. Na siku Brandano aliyopanda ukutani ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi ile Brandano aliingia mjini akiinamisha uso. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Alimpita mlinzi wa lango, akawapita wachinjaji aliokuwa akinywa nao zamani, akafika mpaka chini ya picha yenyewe, mahali Monna Bice alipokuwa akiuza supu ya utumbo. Akaagiza bakuli, akala akiwa amesimama mbele yake kabisa.

"Huyo pale juu ni nani, mama?"

"Malerba, yule mbwa. Mume wangu alibaki pale darajani." Monna Bice hakuacha kukoroga. "Miaka sita namtazama kila asubuhi nikiwasha moto. Uso ule naujua kuliko wa marehemu. Hata akija amejipaka masizi, nitamjua."

"Basi Mungu akuletee," alisema Brandano, akaomba aongezewe chumvi.

Akaongezewa, akaambiwa asogee, anawazibia wateja njia.

Kidogo acheke. Miaka sita ya kuzunguka mbali na mji huu, na kumbe wakazi wake ni vipofu! Akapinda shingo mpaka ikamuuma ili ajitazame sawasawa, na hapo furaha ikamtoka. Mchoraji alikuwa amempa pua kama kiatu cha mkulima. Kuitwa msaliti angeweza kuvumilia. Pua ile ilikuwa uchongezi.

Askari wa zamu aliambiwa kwamba ukuta unapakwa chokaa kwa ajili ya sikukuu, naye hakuuliza nani kaamuru. Mwenye ndoo na haraka haulizwi kitu. Alipanda darini, akamteremsha fundi kwa ubao hadi kwenye uso.

Brandano alianza na pua, akaipaka mara tatu. Akafuta macho, ulimi, kifua kizima. Akaomba avutwe juu, akafuta miguu. Likabaki jina. Alimfikiria Ginevra akipita hapo chini na mashuka yake begani, asione kitu ila ukuta mweupe. Akajinyoosha kuifikia herufi ya kwanza.

Ubao ukapinduka. Ndoo ilitangulia, Brandano akaifuata.

Lakini askari yule alikuwa mtu anayejali kazi yake. Kamba haikufunguka. Ilimnasa Brandano kifundo cha mguu wa kushoto, ikamtikisa, kisha ikamtuliza ukutani, kichwa chini, penye chokaa mbichi. Mguu wa kulia ulijikunja kwa maumivu. Ulimi ulimtoka.

Chini, ndoo ilikuwa imeangukia sufuria. Monna Bice aliinua uso amtukane fundi, na tusi likamfia mdomoni. Akaweka upawa chini taratibu. Nyuma yake soko zima lilikuwa limeinua shingo.

"Ndiye," alisema. "Tena mchoraji alimpunguzia pua."