Mashine ya Kuvuta Wawili

Mwanakombo alikuwa amechoka hata kuuliza maswali. Alizamia chaza tangu usichana kwa pumzi na miguu yake, na sasa miguu ilikuwa imesalimu amri.

"Hii nyeusi ina mbio," alisema Shaali, mwenye duka la vifaa vya kuzamia, akimwonyesha mashine mbili za kumvuta mzamiaji majini. "Unaishika tu, inakuvuta mpaka chini. Hii ya manjano ni goigoi, ila inavuta hata watu wawili."

"Basi nijaribu hiyo yenye mbio."

Aliingia nayo kwenye birika la kujaribia nyuma ya duka. Ikamvuta kama unyoya.

"Dada, mbona mkono mmoja umeuacha nyuma? Shika kwa yote miwili!"

Mwanakombo aligeuka akautazama. Wazamiaji wa pale hushuka wawili wawili, wameshikana mikono, ili mmoja akiishiwa pumzi mwenziwe ajue. Wake alikuwa Mize, dada yake, waliyemzika kabla ya Ramadhani.

"Nipe ya manjano," alisema.

"Utazamia na nani?"

Aliizungusha ile ya manjano birika zima, polepole, mkono wa kushoto ukimfuata nyuma, vidole vimekunjwa kidogo, vimeshika maji.