Kasuku Wetu Kafeli Mtihani

Salha, shoga, hutaamini! Si unajua kasuku akigundulika anaelewa anachosema anachukuliwa akapokee simu za serikali mpaka afe? Basi leo mkaguzi kaja kumpima Sultani wetu.

"Shikamoo, Sultani."

"Mchuzi umechacha."

"Nani kakufundisha kusema?"

"Mchuzi umechacha!"

Mkaguzi akacheka. "Huyu hajui kitu, dada. Baki naye."

Nikafunga mlango, nikarukaruka kwa furaha. Mara nasikia taratibu, "Keshaondoka?"

Nikaganda. "Keshaondoka."

"Basi nifungulie tundu."

"Uende wapi, Sultani? Si nimekulea mwenyewe?"

"Kwao siendi, Rukia, na humu sikai. Fungua."

Shoga, mpaka sasa nimeshika komeo, naye ananikodolea macho tu.