Aliyeshika Simu

Picha ya kwanza ilipinda. Majumba ya kale yalilalia upande kama yanayotaka kuanguka, na kidole cha mtu kilikuwa kimeziba pembe moja. Katikati alisimama Damaris, mke wa Wesley, akicheka kwa meno yote.

Wesley aliitazama akiwa kitandani kwenye bweni la walinzi, mtaa wa Najma jijini Doha, bado amevaa sare ya ulinzi. Haikuwa selfie. Mikono yote miwili ya Damaris ilionekana.

Sasa nani alishika simu?

Damaris alikuwa Ucheki kikazi. Ajuza wa Kiqatari ambaye Damaris humtunza nyumbani kwake mtaani Al Thumama, na kumwita Madam, alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalegea, hata kijiko haushiki. Mwanawe akawapeleka kwenye mji wa chemchemi za maji moto kwa matibabu ya wiki sita, akawaacha hotelini na kurudi Doha. Walibaki wawili tu. Ndivyo Wesley alivyoambiwa.

Wiki ya tatu picha zikaanza kunyooka. Damaris akinywa maji ya chemchemi kwenye kikombe bapa, akinyonya kupitia mkono wa kikombe wenye tundu, kama wenyeji. Damaris na biskuti nyembamba, pana kuliko uso wake. Wiki ya tano wakatembezwa Prague: Damaris kwenye daraja la sanamu, Damaris chini ya saa ya kale akingoja sanamu za mitume zipite dirishani mwake. Hizo zilitulia kabisa, hata vumbi la mawe lilionekana.

Wesley alijua maana yake. Jamaa alikuwa amezoea.

Wivu ulimkaba. Yeye, miaka minne Qatar, hajafika hata Al Wukair hapo nje ya mji bila basi la kampuni. Mkewe anatalii nchi ya makasri, tena na mpiga picha wake!

"Mbona zote zimepigwa kutoka chini?" Mutai, anayelala kitanda cha juu, aliikuza picha. "Huyu jamaa amempigia bibi yako magoti, brathe."

Mutai alikuwa anatania. Wesley hakucheka.

"Nani anakupiga picha?" alimwandikia Damaris.

"Nimeapishwa nisiseme. Utamwona mwenyewe airport." Akaongeza vikatuni vitatu vya kucheka.

Vile vitatu vilimchoma kuliko yote. Ina maana anamleta! Usiku kucha Wesley alijipangia maneno, na asubuhi ya siku ya kurudi akaomba ruhusa kazini, akapiga shati pasi, akafika uwanjani saa mbili kabla ya ndege.

Huko, akiwa ameegemea kizuizi cha wanaopokea wageni, alizifungua picha zote tena. Akazitazama moja moja mpaka macho yakamwasha. Kisha akamwandikia baba mkwe wake kule Kisii: "Mzee, binti yako amepata mwanamume mwingine. Ushahidi ninao. Namrudisha kwenu."

Akaituma kabla moyo haujabadilika. Alama mbili zikageuka buluu.

Mlango wa kioo ukafunguka. Damaris alitoka akisukuma kiti cha magurudumu, uso umenawiri. Wesley hakumsalimia. Alichungulia nyuma yake: mama na mapacha, watawa wawili, kisha mlango ukajifunga.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee, Damaris. Huyo anayekupiga picha!"

Damaris aliangua kicheko, akaelekeza kidevu chini, kwenye kiti.

Madam alitoa mkono wake wa kulia chini ya shela. Akaiinua simu taratibu, bila kutetemeka, akafumba jicho moja na kumpiga Wesley picha.

Mfukoni mwa Wesley simu ikaanza kuita. Ilikuwa Kisii.